Presha 158/98 na najisikia mzima: mimi nilicheka, haya ndiyo yaliyonikuta

Mleta mada, swali lako nimelisoma jana usiku nikalala nalo. Umesema una miaka 37, unaendesha bodaboda Buzuruga hapa Mwanza, ulipita kwa jamaa anayekaa na kimashine chake kando ya barabara ukatoa mia tano kwa mzaha tu, ikasoma 158/98. Ukarudi baada ya siku nne, 154/96. Kichwa hakiumi, kizunguzungu huna, unakula unalala. Unauliza kama kweli unaumwa, na jirani yako amekuonya usiguse dawa za presha maana ukizianza huziachi.

Nilikuwa na jibu la mistari miwili. Lakini mwenzio nimewahi kuwa wewe kabisa, kwa hiyo nivumilie, nitakuwa mrefu. Mimi si daktari. Ni mfanyabiashara wa kayabo, yaani samaki wa chumvi, pale sokoni Mwaloni, Kirumba, nina miaka 50 sasa, na ninachokijua kuhusu moyo nimekijua kwa kulipia.

Mwaka 2014 shemeji yangu alijifungua kwa upasuaji, ikahitajika damu. Tukaenda wanaume wanne wa ukoo kuchangia. Dada wa maabara akanifunga ule mkanda mkononi, akaangalia, akanifungua, akafunga mkono wa pili. 162/104. Akaniambia, "Kaka, wewe leo hutoi damu. Ukitoka hapa nenda ukafungue kliniki ya presha." Nikacheka. Nilikuwa na miaka 39, nabeba gunia la chumvi begani bila kuhema, leo niambiwe mimi mgonjwa? Wenzangu watatu walipewa soda baada ya kutoa damu, mimi nikajinunulia yangu. Kwa miaka saba hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yangu ya kuchekesha kijiweni: damu yangu ilikuwa kali mpaka hospitali wakaikataa.

Kwa hiyo nikisikia watu msibani wanasema "laiti angegundulika mapema", huwa nanyamaza. Mimi niligundulika mapema sana. Niliyechelewa ni mimi.

Ngoja nieleze kilichokuwa kinaendelea ndani muda wote nilipokuwa nacheka, jinsi nilivyoelezwa baadaye. Ile namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojibana, ya chini ni pale moyo unapolegea ili ujae tena. Mishipa ikiwa imekaza, moyo unasukuma dhidi ya kitu kizito, siku nzima, na kwa siku moja unapiga kama mara laki moja. Sasa wewe umewaona wapagazi wa Mwaloni, wale wanaoshusha magunia ya dagaa kwenye mitumbwi. Mkono unaonyanyua mzigo kila siku unanenepa. Msuli wa moyo nao unafanya hivyo hivyo, ila kwa mpagazi ni sifa, kwa moyo ni balaa: ukuta ukinenepa unakakamaa, haujai damu vizuri, na ukishachoka unaanza kutanuka. Ndiyo ule "moyo umetanuka" tunaousikia mitaani kama vile umetoka mbinguni ghafla. Haukutoka ghafla. Na wakati huo huo mishipa midogo ya figo, ya macho na ya ubongo inapigwa na msukumo ule ule. Hakuna hata kimoja kinachopiga kelele. Figo haziumi kama jino.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilitoa hesabu yake: watu bilioni 1.28 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 wana presha ya juu, na asilimia 46 kati yao hawajui. Wewe mkuu tayari umeshatoka kwenye hiyo asilimia 46, kwa mia tano tu. Usirudi humo kwa hiari yako kama nilivyofanya mimi.

Nilisema moyo haupigi kelele. Nirekebishe kidogo. Kwangu ulikuwa unanong'ona, na aliyeusikia wa kwanza ni mama muuza vitumbua.

Nakaa Mabatini, mlimani. Anayeijua Mwanza anajua maana ya neno hilo: gari linakuacha chini, kutoka hapo ni mawe, vichochoro, na ngazi za saruji ambazo kila mtu kajimwagia kivyake mbele ya mlango wake, moja fupi moja ndefu. Mwaka 2014 nilikuwa napanda na mfuko wa mkaa hadi nyumbani bila kusimama. Kufika 2018 nikawa nasimama mara moja, kwenye jiwe bapa anapokaangia yule mama. Lakini mwanaume hasimami tu hivi hivi. Nilikuwa natoa simu naiweka sikioni, "ehe, ehe, nakusikia", na hakuna aliyenipigia. Pumzi ikirudi, "haya poa", naendelea. Mwaka 2020 nikawa nasimama mara mbili, kwenye jiwe na kwenye tanki la maji. Siku moja mama akaniambia huku anageuza vitumbua vyake, hata hakuniangalia: "Shemeji, siku hizi simu zako zinapigwa hapa hapa tu?"

Nikacheka tena. Nikasema umri, nikasema kitambi, nikasema nitaanza mazoezi. Leo nikiangalia nyuma, ule mlima ulikuwa unanipima kila jioni na kunipa majibu. Mtu aliyepanda ngazi zile zile miaka kumi, mwaka huu anasimama mahali ambapo mwaka jana hakusimama, hicho ni kipimo. Ninyi wa Nyakato na Igoma kwenye tambarare mna kipimo kingine, kubeba ndoo, kusukuma pikipiki iliyozima. Ukiona kazi ile ile inakuchosha kuliko ilivyokuwa inakuchosha, usiitafutie simu ya uongo.

Masika ya 2021 kikaanza kikohozi cha usiku. Mchana sina shida, nikilala tu kinaanza. Nikaenda duka la dawa, nikapewa antibiotiki. Nikarudi, nikapewa dawa ya pumu ya kuvuta. Nikapima makohozi, TB hakuna. Mto mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu, mwishowe nikawa nalala nimekaa kwenye kochi sebuleni, na saa tisa usiku naamka mbio kufungua dirisha nitafute hewa. Asubuhi alama ya soksi imezama mguuni kama nimefungwa kamba. Sisi watu wa ziwani miguu na tumbo vikivimba mshtakiwa wa kwanza ni kichocho, na mimi nimezaliwa Ukerewe, nimeogelea ziwani kabla sijajua kusoma, kwa hiyo hata mimi niliamini. Mshtakiwa wa pili, mnamjua: mtu. Shangazi akavuka na kivuko kutoka Nansio akiwa na mganga wake. Nilitoa mbuzi na laki mbili, nikachanjwa chale kifuani, na usiku ule nilikohoa kama kawaida.

Sisemi haya kumcheka shangazi. Baba yetu alipooza upande wa kulia akiwa na miaka 54, mdomo ukapinda, na kijiji kizima kilikubaliana kuwa ni ugomvi wa shamba. Hakuna aliyewahi kumpima presha, hata mara moja katika maisha yake. Ukoo unarithi mengi. Kama baba au mama yako alipata kiharusi au alidondoka ghafla kabla ya uzee, wewe anza kupima ukiwa kijana, usingoje miaka 40.

Aliyeniokoa ni binti wa dada yangu, anasomea uuguzi. Alikuja likizo akanikuta asubuhi nimesinzia kwenye kochi na viatu vya kandambili havinienei. Akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, unalalia mito mingapi?"

Nikamwambia mitatu, halafu kochi. Akaenda kumwamsha mama yake. Saa nne tulikuwa hospitali. 190/118.

Walinipiga picha ya kifua, wakanifanyia ECG, ile ya kupachikwa waya kifuani inayosoma umeme wa moyo, kisha eko, ile ya kupakwa ute baridi na kuangaliwa kwa mawimbi ya sauti kama mama mjamzito. Daktari akanigeuzia skrini. Mkuu, kuuona moyo wako mwenyewe si jambo dogo. Nilidhani nitaona kitu kinachodunda kwa nguvu. Ulikuwa mkubwa, umelegea, unajibana kidogo unaachia, kama mtu anayepiga kasia upepo wa mbele na mtumbwi hausogei. Akanieleza kwamba chumba kikubwa cha kushoto kikijibana kinatakiwa kutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Changu kilikuwa kinatoa asilimia 32. Kumbe maji yaliyokosa njia yalikuwa yanarudi kwenye mapafu ninapolala, ndicho kikohozi, na yanashuka miguuni nikisimama, ndiyo soksi. Hapakuwa na pumu wala kichocho, na yule niliyemhisi mtaani simwombi radhi kwa sababu hajui kama nilimhisi.

Akaniuliza, "Presha uligundulika lini?" Nikamjibu, "Leo." Nilidanganya mbele ya picha ya moyo wangu mwenyewe. Nilikuja kumwambia ukweli siku ya tano wodini, nilipokuwa nimekojoa maji ya kilo nane kwa dawa walizonipa na nimeanza kulala chali kama binadamu.

Sasa turudi kwenye lile la jirani yako, kwamba dawa ukizianza huziachi. Ni kweli kwa wengi, na sitakudanganya. Lakini angalia hesabu yangu: mwaka 2014 ningeanza na kidonge kimoja, pengine viwili, asubuhi, basi. Nilikikataa nisije nikafungwa nacho. Leo nameza aina nne kila siku, na nikisafiri kwenda Bukoba begi la dawa linatangulia kabla ya nguo. Kinachokufunga ni presha yenyewe. Na wapo walioanza mapema, wakapunguza uzito, wakapunguza chumvi na pombe, daktari akawapunguzia dozi. Anayepunguza ni daktari kwa namba zilizoandikwa, sio wewe kwa sababu wiki hii unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unakunywa dawa. Pale Mwaloni tuna mwenzetu anameza siku akiumwa kichwa tu. Namwambia kila siku, naye kila siku ananiuliza bei ya kayabo.

Na hapa kuna jambo wanaume hatulisemi kwenye uzi wa wazi, nitalisema. Wengi tunaacha dawa kwa kuogopa mambo ya chumbani. Zipo dawa chache za presha zinazoweza kuleta shida hiyo, lakini presha isiyotibiwa yenyewe inaharibu mishipa, na nguvu unazozihofia zinapita kwenye mishipa hiyo hiyo. Ukiona tofauti, mwambie daktari abadilishe, dawa zipo za makundi mengi. Mimi moja ilinipa kikohozi kikavu cha kukereketa, nikaogopa yamerudi ya 2021, kumbe ni tabia ya dawa ile, ikabadilishwa kikaisha ndani ya wiki chache. Nyingine inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Haya yote yanazungumzika. Kuacha kimya kimya ndiko kusikozungumzika.

Lakini kabla ya dawa, hakikisha hizo namba. Simdharau jamaa wa barabarani, amekusaidia kuliko mabingwa wengi. Ila nina uhakika alikupima hivi: umeshuka kwenye pikipiki sasa hivi, umevaa lile jaketi zito la upepo, mkanda umefungwa juu ya jaketi, umekalia ndoo au kigoda bila egemeo, mkono unaning'inia, na mnabishana Simba na Yanga. Namba ya hivyo inaweza kupanda bure. Inavyotakiwa: haja ndogo umemaliza, nusu saa huna kahawa wala sigara, umekaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi, mdomo umefungwa. Mkanda uwe wa saizi ya mkono wako, mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo namba inapanda. Pima mara mbili, dakika moja katikati.

Ukipimwa hivyo zahanati siku mbili tofauti ikawa 140/90 au zaidi, hiyo ni presha, hakuna cha "labda nilikuwa na mawazo". Kama una mashine ya nyumbani, mpaka wake ni chini kidogo, 135/85. Mimi nilifundishwa kupima siku saba, asubuhi na jioni, na kuandika zote, hata zile usizozipenda. Mashine nunua ya kufunga juu ya kiwiko, ya kufunga pale inapovaliwa saa iache. Bei yake haiko mbali na tairi la nyuma la pikipiki yako, na tairi unabadilisha.

Ikithibitika, usiridhike na kupewa vidonge dirishani ukaondoka. Uliza kupimwa mkojo kama una protini, damu ya kuangalia figo, sukari, lehemu (mafuta kwenye damu), na ECG. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha kama presha imeshaanza kula kitu au bado iko mlangoni. Wewe kwa miaka 37 inawezekana bado iko mlangoni, na hapo ndipo ninapokuonea wivu. Eko watakwambia wao kama inahitajika.

Chumvi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kwa wasiojua kayabo: ni sangara aliyepasuliwa, akasuguliwa chumvi, akalazwa nayo ikamnyonya maji, ndipo anaanikwa. Anasafiri mpaka Congo bila kuoza. Mimi hununua chumvi kwa magunia, vidole vyangu vimekauka kwa chumvi, lakini sikuwahi kujiuliza naila kiasi gani. Niliporuhusiwa hospitali nikaambiwa nisizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kwa mtu mzima yeyote, hata asiyeumwa. Nikamwambia mke wangu sisi hatuli chumvi nyingi. Akaniangalia tu. Jumapili tukafungua pakiti mpya ya nusu kilo, nikaandika tarehe kwa kalamu juu yake. Nyumbani tuko sita. Ikaisha baada ya siku nane. Nikapiga hesabu kwenye kile kikokotoo cha dukani: gramu 500 gawa kwa watu sita, gawa kwa siku nane. Gramu 10 na ushei kwa kila mtu, mdogo wa miaka saba akiwemo. Na hapo hujaweka chumvi iliyomo ndani ya kayabo, ile michemraba ya kiungo anayoivunjia kwenye mchuzi, mkate, na chipsi ninazokula mjini zikinyunyiziwa kama mvua.

Nikarudia jaribio mwaka huu. Pakiti imekaa siku kumi na tisa. Mwezi wa kwanza watoto walisusa, mwezi wa pili wakazoea, sasa wakila kwa watu wanaomba maji. Msiniharibie biashara lakini: kayabo unailoweka usiku kucha, unamwaga maji, unaloweka tena, ukipika huongezi hata punje. Ndimu, nyanya, kitunguu na pilipili vinafanya kazi vizuri. Na dagaa wabichi na sato tunao hapa mlangoni, wa nini kula chumvi ambayo hukulazimishwa?

Kuna mdau hapo juu amekushauri kitunguu saumu na maji ya ndimu, mwingine rosela. Kunyweni, sina ugomvi navyo, rosela naipenda. Shida ni kitunguu kinapoketi kwenye kiti cha dawa.

Kwa kazi yako niongeze mawili ya haraka. Ninyi bodaboda mnakunywa diklofenaki kwa maumivu ya mgongo kama karanga. Dawa za maumivu za kundi lile zinapandisha presha na zinaumiza figo ukizizoea, mwambie daktari unazitumia. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo, kopo mbili tatu kwa zamu ya usiku, viache. Sigara sijui kama unavuta, hukusema. Kutembea je? Dakika 150 kwa wiki ndizo zinazoshauriwa, na kukaa juu ya pikipiki hakuhesabiki, hata kama unachoka.

Mwingine ameandika magonjwa ya moyo ni ya wazee na wenye fedha. Binti wa kaka yangu kule Ukerewe alikuwa na miaka 11, kila mara mafindofindo, koo, homa, halafu magoti yanavimba leo hili kesho lile. Tukasema anakua. Kumbe vijidudu vya koo visipotibiwa vizuri mwili wa mtoto unaweza kugeuka ukashambulia milango ya moyo wake mwenyewe. Alifanyiwa upasuaji Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, kwa miaka. Koo la mtoto lenye homa lipelekwe zahanati likaonwe, na dozi imalizwe. Na akina mama mliowahi kupanda presha mkiwa wajawazito, endeleeni kupima hata mtoto akishakua, mnabaki kwenye hatari zaidi ya wenzenu.

La dharura nisilisahau. Kifua kubana kama umekaliwa, maumivu yakipanda kwenye taya au mkono, jasho baridi. Au uso kupinda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika ghafla: hapo hakuna kupima nyumbani wala kusubiri kupambazuke. Pikipiki unayo, lakini usiendeshe wewe, ita mwenzako wa kijiweni. Hospitali, Sekou Toure au Bugando au iliyo karibu, dakika hiyo hiyo. Namba ikisoma 180/120 huna dalili yoyote, kaa dakika tano upime tena, na siku hiyo hiyo uonwe.

Najua mwisho utaniuliza kama mimi nimepona. Eko ya mwaka jana ilisoma asilimia 48, kutoka ile 32. Daktari alifurahi kuliko mimi, maana mimi niliuliza kwa nini isiwe 60, akaniambia mengine yalibaki mwaka 2014. Nalalia mto mmoja. Mlima wa Mabatini napanda kwa kusimama mara moja, pale pale kwenye jiwe, simu ikiwa mfukoni, na nikisimama nakaa chini kabisa na kununua vitumbua viwili. Mama yule naye nilimpima mwaka jana, 166/100, sasa yuko kliniki.

Ukipita Mwaloni upande wa kayabo nitafute, mashine iko dukani chini ya meza ya mizani, simtozi mtu. Uje asubuhi kabla hujaanza kazi, na jaketi uvue.